Kwa Heshima ya Diski C

Rwenzori imesifiwa kwa theluji yake, Katwe kwa chumvi yake, na kila mgombea anayepita Bwera hawezi kushuka jukwaani kabla ya kuusifu mpaka wetu na Kongo. Lakini kuna mtumishi mmoja aliyezeekea kazini katika kila duka la kuchapa na fotokopi, kuanzia Kasese mjini hadi Mpondwe, ambaye hakuna aliyewahi kusimama kumsifu: Diski C. Leo nasimama mimi.

Nasaba yake haina doa. A na B walikuwa diski za flopi. C ameshika nafasi ya tatu tangu mwaka 1983, IBM ilipotoa kompyuta ya XT yenye diski ngumu ya megabaiti 10, nafasi ambayo leo ingetosha picha mbili tatu za simu. Wakubwa zake wamekufa na kusahaulika. Viti vyao viko wazi na hajakalia hata kimoja. Nitajieni mheshimiwa mwingine wa namna hiyo.

Ni mchapakazi, hana likizo ila umeme ukikatika. Ni msiri pia, hasemi anakula nini. Hayo tuyaache, kwa sababu fadhila inayostahili hotuba ni msimamo wake. C hahami, na walio wake hawahami.

Anapojaa, ule mstari wake wa buluu hugeuka mwekundu, nawe unajua zamu ya diski mpya imefika. Hapa Bwera tunauza kila kinachovuka mto Lhubiriha, toka mawese hadi vitenge, lakini diski ya kompyuta inafuatwa Kasese, kwa teksi, kupitia Kikorongo. Unarudi nayo, terabaiti nzima, unaifunga, unawasha. Haionekani. Diski mpya haitambuliwi mpaka uisajili, uigawe, uifomati na kuipa herufi. Herufi yenyewe inakuja E, kwa kuwa D imeshikwa na mlango wa CD, ambao haujameza CD tangu kwaya zetu zihamie kwenye flashi. Kazi imekwisha, cheo kipo.

Sasa ni kuhama. Faili za kawaida ni raia watiifu: barua, picha za pasipoti, ratiba za mazishi, mitihani ya walimu. Ukiziambia ziende E, zinakwenda. Hata folda nzima ya Documents inahama: unafungua Properties, kisha Location, unataja makao mapya, basi. Lakini programu! Kata folda yake C, ibandike E, na ikoni itabaki palepale kwenye skrini ikikukodolea macho. Ukiibonyeza unajibiwa kwamba unachokitafuta hakipo. Maana programu ilipoingia haikutua mzigo mahali pamoja. Iliandikisha anwani yake kwenye rejista ya Windows, ikasambaza faili zake saidizi ndani ya folda za mfumo, ikajifunga kwa C kwa viapo usivyovijua. Ukiibeba umebeba godoro tu. Mwenye nyumba amebaki ndani.

Dawa, wanasema, ni kuing'oa na kuisakinisha upya ukiielekeza E, kama bado unayo faili ya kusakinishia na namba ya leseni. Na hapo ndipo msimamo unapofikia utukufu wake. Programu iliyosakinishwa E bado inaandika mipangilio yake na takataka zake C, kwenye folda iitwayo AppData, ambayo imefichwa ili usijichoshe kuiangalia. Inalala E, inakula C. Vitu unavyopakua kwenye intaneti navyo vinakimbilia C mpaka uvikataze. C amebakiwa na nafasi ya kupumulia tu na bado anakaribisha. E ana uwanja mzima, na uwanjani mna folda moja tupu iitwayo New folder.

Jamani, nani alipanga hivi? Wakala wa forodha amesimama mlangoni, lori lake liko foleni Mpondwe, anataka karatasi zake sasa hivi, na mashine inaniambia nafasi haitoshi. Nafasi haitoshi! Nafasi iko humo humo ndani ya kasha, shubiri moja pembeni, na nimeilipia!

Niwieni radhi. Nilikuwa nasifu.

Fundi niliyemwita hakuona ajabu. Alifuta mikono, akasema, "Mzee wangu, mfumo ndivyo ulivyo. Hii mpya ni ya kuwekea vitu, siyo ya kuamulia."

Kauli hiyo sikuisikia kwake mara ya kwanza; nimeizoea katika mambo ya wilaya. Watu wa milima hii walichoka zamani kupelekwa Fort Portal, makao makuu ya Toro, kwa kila jambo. Mwaka 1974 serikali ya Idi Amin ikaikata Toro, ikapatikana wilaya ya Rwenzori, ambayo ndiyo Kasese ya leo. Siku hizi mtu wa Bwera anafunga safari hadi makao makuu ya wilaya, Rukoki, na Rukoki anaambiwa faili lake liko Kampala. Uganda ilikuwa na wilaya 33 mwaka 1986. Sasa zimepita 130. Kila moja imepewa jina, kibao na gari. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 iliandika kwamba madaraka yamehamia kwa wananchi. Mwaka 2005 kodi ya kichwa, iliyokuwa chakula cha wilaya, ikaondolewa, na mwaka huohuo katiba ikarekebishwa ili mtendaji mkuu wa wilaya asiajiriwe tena na wilaya yenyewe bali ateuliwe kutoka juu. Wilaya ikabakiwa na ikoni. Mwalimu asiyeona mshahara wake akienda kuuliza, anaonyeshwa skrini na kuambiwa ni mfumo, na anayemwambia hivyo ni mtu mwenye ofisi, kiti cha kuzunguka na mhuri.

Wapo wanaotaka Bukonzo, sehemu yetu hii ya Bwera, nayo ipewe wilaya yake, na siwalaumu. Nauli ya kufuata sahihi moja inauma. Barua zao nazichapa mimi, nakala tatu tatu, na pesa yao naipokea kwa mikono miwili. Katika zile zilizopita mkononi mwangu, aya ndefu kuliko zote ni ya jengo la makao makuu lijengwe wapi. Kodi itakusanywa na nani, mtendaji atawajibika kwa nani, sijaona mstari. Na kila moja, juu kushoto, anwani yake ni Kampala.