Namna ya Kuunganisha Taarifa Papo kwa Papo Bila Kuisumbua Biashara

Mageuzi ya biashara ni jambo jema, mradi yasiiguse biashara yenyewe. Mwongozo huu ni wa mfanyabiashara wa Ringwani mwenye duka la jumla, kibanda cha wakala wa fedha, ghala la mahindi na vijana wanaomnunulia ng'ombe minadani. Ameshatembelewa na mtaalamu aliyetoka mjini na kompyuta mpakato, akaambiwa kwamba taarifa zake zote zikikutana mahali pamoja, kila sekunde, atatajirika. Mtaalamu ndiye atakayetangulia kutajirika, lakini mageuzi yote yana utaratibu wake.

Anza na skrini. Nunua kubwa, itundike nyuma ya kaunta, iwe na mistari inayopanda na maduara ya rangi. Wateja watauliza mechi inaanza saa ngapi. Waambie ni biashara inayoonekana humo, na wale wanaodaiwa watainamisha vichwa kidogo. Usisahau kununua umeme wa LUKU mapema. Mei 2021 mfumo wa kuuza LUKU ulisumbua nchi nzima kwa siku kadhaa: fedha zipo kwenye simu, mita ipo ukutani, na nyumba giza. Usimkumbushe mtaalamu habari hiyo, atakuuzia na jenereta.

Kosa kubwa ni kujiuliza mwanzoni kabisa: nikiijua habari hii leo badala ya mwisho wa mwezi, nitafanya nini tofauti? Swali hilo limeua miradi mingi iliyokuwa na bajeti nzuri. Liache. Badala yake msikilize mtaalamu akikueleza kuhusu Kafka, programu ya kusafirisha taarifa papo kwa papo iliyozaliwa katika kampuni ya LinkedIn na kutolewa bure kwa dunia mwaka 2011. Ilipewa jina la Franz Kafka, mwandishi wa Prague aliyesifika kwa hadithi za watu wanaozungushwa na ofisi wasizozielewa. Aliyelichagua jina hilo alikuwa mkweli kuliko wauzaji wote waliomfuata.

Sasa tuje kwenye kuunganisha kwenyewe, na hapa uwe makini, maana hapa mtu anaweza kufanikiwa kwa bahati mbaya. Mfano mbaya uko karibu. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya. Kwa miaka kadhaa kila mtandao wa simu ulikaa na fedha zake. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel wakakubaliana wateja wao warushiane fedha moja kwa moja, na mwaka 2016 Vodacom wakaingia. Kampuni zinazogombea mteja mmoja zilikaa meza moja zikaafikiana muamala unahesabika umekamilika lini, na ukikwama nani anaulizwa. Nyaya zilikuja baada ya maafikiano. Wewe ambaye vijana wako wote wanakula sufuria moja huna sababu ya kujisumbua hivyo.

Kwa hiyo acha kila mtu abaki na gunia lake. Ghalani gunia ni kilo 100, kwa sababu mizani ipo na Wakala wa Vipimo hupita. Shambani gunia ni madebe sita, na akinunua mjanja linashonewa kilemba juu, linakuwa lumbesa ya madebe saba au zaidi. Kwenye skrini yote ni "gunia 1". Mfumo utayajumlisha kwa kasi ya ajabu, na kila sekunde utakupa jibu jipya lisilo sahihi. Ng'ombe nao wananunuliwa kwa macho: dume anatazamwa nundu, anapapaswa mbavu, bei inatajwa. Fomu inadai uzito. Mwambie kijana ajaze chochote, mstari usikatike.

Safu ya bei iandikwe "sh." tu. Wanunuzi wanaovuka mpaka wa Sirari wanataja bei kwa shilingi ya Kenya, ambayo ni karibu mara 20 ya yetu. Siku mmoja wao akikuagiza mzigo, skrini itaonyesha umepata hasara kubwa, na kesho yake faida ya kushangaza. Mtaalamu ataita hayo mabadiliko ya soko.

Majina pia yaache yalivyo. Chacha Mwita aliyekopa sukari, Mwita Chacha aliyeleta mahindi na M. Chacha aliyetoa fedha kwa wakala wanaweza kuwa mtu mmoja, au watatu, au baba na wanawe. Daftari linajua, kwa sababu pembeni umeandika "yule wa pikipiki nyekundu" na "mkwe wa mwalimu". Mfumo hauna safu ya wakwe. Ungeweza kuomba namba ya NIDA, lakini kumwomba mura namba ya NIDA kwa ajili ya kilo mbili za sukari kunahitaji ujasiri ambao si sehemu ya mkataba.

Saa nazo zina raha yake. Kijana ghalani anaandika mzigo umeingia saa 2, simu inasema 08:00, na kompyuta inaamini saa 2 ni usiku wa manane. Ripoti itaonyesha kwamba Ringwani mahindi hupokelewa watu wamelala. Ripoti hiyo usimwonyeshe askari.

Mashine ya risiti ya EFD, iliyoanza kutumika nchini mwaka 2010, iache nje ya mradi. Ile tayari inapeleka taarifa za mauzo yako TRA kwa mtandao. Ni kweli kwamba mamlaka inajua mauzo yako mapema kuliko wewe, unayemsubiri binti yako afunge shule aje kujumlisha daftari. Usikubali jambo dogo kama hilo likutie wazo.

Hatua ya mwisho ni kubana matumizi. Chunguza vocha ya yule kijana anayekupigia kutoka mnadani kabla jua halijapanda: "Mzee, ng'ombe wamejaa, wanunuzi wachache, bei itaanguka saa tano, nisubiri au ninunue?" Wewe unamjibu papo hapo, naye anafanya. Hana skrini wala mistari inayopanda, na simu zake ni gharama isiyo na kifungu kwenye mfumo mpya. Ikate. Mwambie kuanzia sasa ajaze fomu, na maombi ya uamuzi yatajadiliwa kikao cha Jumatatu. Akianza kumpigia jirani yako, yule asiye na skrini, andika kwenye ripoti kwamba kuna changamoto ya mtandao.