Kumi na Moja Tu

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 1998 nikiwa bingwa wa mpira wa meza wa bweni letu. Meza yenyewe ilikuwa mbao zilizolazwa juu ya madawati, wavu ulikuwa ubao uliosimamishwa kati ya matofali mawili, na mpira ukibonyea tuliutumbukiza kwenye kikombe cha maji moto mpaka uvimbe tena, urudi kazini. Mshindi alikuwa wa pointi 21, kila mtu akianzisha mara tano. Sheria hizo nilizishika kama Baba Yetu.

Jumamosi iliyopita, katika ukumbi wa kanisa hapa Eldoret, nikamkuta msichana wa kidato cha pili peke yake kwenye meza ya kweli, yenye wavu wa kweli. "Njoo, mwanangu, anko akufunze." Mama wa jikoni akatutangazia dau: atakayeshindwa ataosha sufuria za chai. Nikamhurumia mtoto.

Akaanzisha mara mbili, akapata mbili. Nikainama kungoja ya tatu, mpira ukaja ukibingirika polepole. "Zamu yako, anko. Siku hizi ni mbili mbili." Tangu lini? Tangu 2001! Mwaka huo huenda mama yake mwenyewe alikuwa bado shuleni.

Nikaushika mpira kwa ngumi, nikaupiga papo hapo, ule ujanja uliowahi kuliliza bweni zima. "Pointi yangu, anko. Mpira unakaa kwenye kiganja kilicho wazi, unaurusha juu angalau sentimita 16, unaupiga ukishuka, nami niuone muda wote." Sentimita 16 ni kama urefu wa kalamu, si mbali. Mimi nikaurusha karibu na taa, nikazungusha raketi kama mtu anayefukuza nyuki, nikakosa. Mpira ukatua kwenye kiatu changu. Nikaomba kurudia.

"Ukishaurusha umeshaanzisha, anko."

Nne kwa sifuri.

Zamu yangu nyingine mpira uligusa wavu ukaangukia upande wake. Nilikuwa nimeshaukubali msiba, nikasikia, "Hiyo ni leti, rudia." Kule shuleni mpira ukigonga ubao ulikurudia kifuani, na wenzako wakacheka.

Basi nikasingizia hewa. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi haiuzuii mpira sana. Msichana akanikumbusha kwamba naye anaishi papa hapa. Ukweli ni kwamba katika jiji linalolea wakimbiaji wa marathoni, hakuna atakayekusikiliza ukilia hewa.

Ilipofika 11 kwa 5 ndipo nilipoanza kupata joto. Nikakunja mikono ya shati, nikapiga hesabu: kwake bado kumi, nitamkamata. Kuinua macho, raketi yake iko mezani naye amenyoosha mkono. "Asante kwa mchezo, anko."

"Umeisha?"

"Ni 11 tu. Tungefikia kumi kwa kumi, tungeanzisha moja moja hadi mmoja aongoze kwa mbili." Alilieleza hilo kwa adabu, kana kwamba hatari hiyo iliwahi kuwepo. Kisha akauliza kama ningependa tuendelee, seti tano, atakayeshinda tatu ndiye mshindi. Mama wa jikoni alikuwa amesimama mlangoni na waya wa kusugulia.

Sufuria zilikuwa saba, na mbili maziwa yalikuwa yameungulia chini.