Jinsi ya Kufundisha Kibemba Bila Kutoka Jasho

Unajua JavaScript kidogo na unataka mji wote wa Nchelenge, Zambia, ukuite fundi? Sogea nikupe njia za mkato za kutengeneza programu ya kufundisha Kibemba. Wanafunzi wapo: wafanyabiashara wanaovuka Ziwa Mweru kutoka Kilwa ya Kongo na Kiswahili chao, na wakimbizi wa makazi ya Mantapala, yaliyoanzishwa 2018. Wanataka Kibemba cha kununulia chisense, samaki wadogo wa ziwani, bila kupunjwa.

Kwanza, usiandike injini ya masomo. Wenzako wameshaiandika. Chukua SDK, kifurushi cha zana ambacho jukwaa la lugha huwapa wanaprogramu, kisakinishe, sifa utapewa wewe. Skrini ikionyesha "[object Promise]" badala ya somo, usiogope: umesahau kuweka await, na jibu la seva halijafika.

Pili, ufunguo wa siri wa kutumia jukwaa hilo uache kwenye seva yako. Ukiuweka ndani ya ukurasa, kijana yeyote atabonyeza F12 ausome, kisha bili ikufuate wewe.

Tatu, usihangaike na sauti ya mashine. Mrekodi mama muuza samaki wa Kashikishi akisalimia "Mwapoleni mukwai". Omba ridhaa yake, mlipe vizuri.

Nne, lisha majivuno. Binadamu atasoma mwaka mzima ili tu namba ya siku zake mfululizo isikatike, kwa hiyo namba hiyo ilinde kama mboni ya jicho. Hapa ndipo wengi huumbuka. Wanachukua tarehe kwa toISOString, nayo huhesabu kwa UTC, saa ya kimataifa, wakati Zambia iko mbele kwa saa 2. Mvuvi wa chisense huwa macho usiku, taa zikiwaka ziwani. Akisoma saa saba usiku wa kuamkia Jumanne, programu inaandika Jumatatu. Jumanne yake imepotea, namba imerudi sifuri, na yeye hakukosea chochote. Hiyo ni dhuluma. Tumia Intl.DateTimeFormat, taja Africa/Lusaka, umalize.

Tano, masomo yahifadhi ndani ya simu yenyewe, yafunguke hata bando likiisha.

Siku ya kuzindua? Uvuvi wa Mweru hufungwa kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Zindua Desemba, watu wakiwa na nafasi. Ila kabla ya hapo wape simu wachuuzi wawili wa gatini, ukae kimya uwatazame wakiitumia. Wakikwama, rekebisha programu, usiwarekebishe wao.