Kitabu cha Kilo Sita

Newala, bei ya kitu chochote kinachozidi sabuni hupigiwa hesabu kwa korosho. Pikipiki ni magunia kadhaa, ada ya mtoto ni gunia na ushee, mahari haitajwi mbele za watu. Kwa hiyo mwalimu mmoja wa Kiswahili, mwenye mikorosho yake nje kidogo ya mji, alipoambiwa kuwa riwaya anayoitamani inauzwa Dar es Salaam shilingi 12,000 ikiwa ya karatasi na 4,000 ikiwa faili la PDF, hakuhitaji kikokotoo. Ilikuwa Oktoba 2024, na minada ya kwanza ya msimu ilikuwa imeipandisha korosho juu ya shilingi 4,000 kwa kilo. Karatasi, kilo tatu. Faili, kilo moja. Nani atupe kilo mbili kwa ajili ya jalada?

Akalipa kwa simu, makato yakapita na chao, faili likaja kwa WhatsApp kabla chai haijapoa.

Kishikwambi alikuwa nacho, kimoja kati ya vile vilivyobebwa na makarani wa Sensa ya Agosti 2022 kisha vikagawiwa walimu. Tatizo lilikuwa nafasi. Ndani mlikuwa na maandalio ya masomo, katuni za watoto, na video ya send-off ya shemeji yake, ndefu kuliko ndoa nyingine. Ilipofutwa video hiyo (kimyakimya, mama wa nyumba akiwa kisimani), faili likafunguka, na hapo ndipo alipogundua jambo ambalo wauzaji wa PDF hawalitaji: ule ni ukurasa wa karatasi uliopigwa picha, haujipangi upya kufuata kioo. Ukiuacha ulivyo, herufi ni sisimizi. Ukiukuza, nusu ya mstari inatoka nje na lazima uivute kwa kidole. Mwalimu alisoma sura ya kwanza kama mtu anayefukuza kuku uani, kulia, kushoto, kulia. Alipoanza kuzoea, umeme ukakatika, na chaji ilikuwa imebaki asilimia nne.

Kesho yake akaenda steshenari.

Wenye steshenari wa miji hii wanawajua wateja wa namna yake, na hawacheki mpaka mteja aondoke. Kurasa 180, kila ukurasa shilingi 100: 18,000. Kubana kwa spairo na jalada la plastiki: 2,000. Ukijumlisha na ile 4,000 ya faili, riwaya ya bei nafuu ilikuwa imefika shilingi 24,000, yaani kilo sita, na ilikuwa haina hata picha ya mwandishi nyuma. Kitabu halisi, pamoja na 3,000 za kifurushi cha basi, kisingefika kilo nne. Walimu wenzake walipotaka nao watolewe kopi kutoka kwenye ile nakala yake, akawakumbusha Sheria ya Hakimiliki ya 1999. Uchungu wake haukuwa wa kisheria tu.

Lakini basi nalo lina mambo yake. Mwalimu mwenzake wa Masasi, mshabiki wa karatasi, aliagiza vitabu Dar es Salaam mwezi Mei mwaka huohuo. Kimbunga Hidaya kikapita, barabara ya kusini ikakatika pale Somanga, na vitabu vikakaa njiani pamoja na nyanya, magodoro na abiria. Vilipofika, vingine vilikuwa vimevimba kwa unyevu. Hata hivyo alivisoma, akaviazima, na vikaendelea na safari zao mpaka Nachingwea, jambo ambalo faili linaloazimwa halilifanyi kwa heshima: ukimwazima mtu PDF hukuazima, umemgawia, na mwandishi amekula hasara.

Zamani kidogo karatasi haikuwa lazima itoke mbali hivyo. Wabenedikti wa Ndanda, kwenye barabara ya Masasi kwenda Lindi, walikuwa na mtambo wao wa kuchapia, na vitabu vya Kiswahili vyenye jina la Ndanda Mission Press vipo mpaka leo katika makabati ya wazee, vikiwa na mchwa lakini vinasomeka.

Kuna pia suala la mkopo, ambalo wachumi wa vitabu vya kidijitali hawajalitilia maanani. Mwenye duka la vitabu ana daftari la madeni. Mwezi wa Machi, mifuko ikiwa mitupu, mteja husema "nitalipa msimu", naye huandika. Duka la mtandaoni halijui msimu wa nini. Linataka namba ya kadi.

Wanaodhani kuwa kitabu kisicho na karatasi kinapaswa kuwa karibu na bure wana wenzao huko nje. Amazon ilipoleta Kindle, kifaa chake cha kusomea vitabu, mwaka 2007 iliuza vitabu vingi vipya kwa dola 9.99, wachapishaji wakaona soko linaharibika, na mwaka 2012 serikali ya Marekani ikaishtaki Apple na wachapishaji watano kwa kula njama ya kupandisha bei. Uingereza nayo ilitoza kodi ya ongezeko la thamani kwenye vitabu vya kidijitali huku vya karatasi vikiwa kwenye asilimia sifuri, mpaka Mei 2020. Karatasi na wino ni sehemu tu ya gharama; mwandishi, mhariri na msanifu wanakula ugali uleule.

Na hata bure ina gharama zake. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni, asome anayetaka. Mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu shuleni. Basi mwalimu wetu hufungua kitabu kwenye kishikwambi, huku bando likiwa lake, akanakili sura ubaoni kwa chaki, na darasa zima likanakili kutoka ubaoni. Likifika neno refu, wa nyuma huuliza kama hiyo ni "n" au "u", na mwalimu inabidi aukuze ukurasa tena.