Sakafu Ndiyo ya Mwisho: Ukarabati wa Nyumba Epulu

Nyumba ya Epulu hukarabatiwa kuanzia juu, hata kama kilichoharibika kiko chini. Kijiji hiki kimekaa kwenye ukingo wa mto wenye jina lake, kando ya Barabara ya Taifa namba 4, takriban kilomita 70 magharibi mwa Mambasa, ndani ya msitu wa Ituri, kaskazini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako mvua hufikia milimita 1,700 hivi kwa mwaka. Kipindi cha ukavu ni kifupi, kati ya Desemba na Februari. Mwenye nyumba anayeanza kazi ya sakafu mwezi wa Septemba, paa likivuja, hapati sakafu. Anapata bwawa lenye kuta nne. Hata hivyo wengi huanza na sakafu, kwa sababu mgeni hutazama chini anapovua viatu, na hakuna mgeni aliyewahi kusifu mfereji wa maji.

Wanaojua zaidi ukarabati wa haraka katika eneo hili ni wanawake wa Kimbuti, jamii ya wawindaji wa msitu huu. Kibanda cha kambini msituni hujengwa na mwanamke. Fito huchomekwa ardhini kwa duara, hupindwa na kusukwa, kisha majani mapana ya mangongo hupangwa kuanzia chini kwenda juu, kila safu ikiilalia ile iliyotangulia ili maji yateleze nje. Kazi yote ni ya saa chache. Mpangilio nao hubadilika kadiri mambo ya kambi yanavyobadilika: Colin Turnbull, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi na Wambuti wa Epulu miaka ya 1950, aliona kwamba mwanamke akikosana na jirani huuhamishia mlango wake upande mwingine, na ugomvi ukizidi huinuliwa kijiuzio katikati yao.

Katika The Forest People, kitabu chake cha mwaka 1961, Turnbull anasimulia kisa cha mke aliyemkasirikia mumewe akaanza kung'oa majani ya kibanda chao. Kwa kawaida mume humzuia mapema, wote wawili wakapata njia ya kupatana bila aibu. Mume huyu alikuwa mkaidi, akanyamaza. Majani yakaisha. Mke akazigusa fito, na fito zikiondoka ndoa nayo imeondoka, jambo ambalo hakuna kati yao aliyelitaka. Ndipo mume alipomwambia kwamba fito hazina haja ya kung'olewa, maana kilichokuwa kichafu ni majani tu. Mke akaelewa. Majani yakapelekwa kijitoni, yakaoshwa, yakarudishwa mahali pake. Kuosha majani ya paa si desturi ya mtu yeyote, lakini siku zilizofuata wanawake wengine wa kambi nao walibeba yao wakaenda kuyaosha, ili jambo lionekane la kawaida. Nyumba ya matofali haitoi nafasi hiyo. Ukuta ukishabomolewa kwa hasira, hakuna anayeweza kudai ulikuwa unapelekwa mtoni.

Nyumba ya kijijini, ya miti na udongo, ina mpangilio uliokwisha kujaribiwa: baraza mbele ikitazama barabara, sebule, vyumba vya kulala pembeni, na jiko peke yake nyuma. Mwenye pesa mpya, akisharudi kutoka Bunia, hutaka jiko liingie ndani kama alivyoona mjini. Alichokiona mjini ni jiko; hakuuona umeme wala bomba la moshi. Baada ya wiki moja mama mwenye nyumba anapika tena nje, na jiko la ndani linageuka stoo ya baiskeli. Ukweli ni kwamba moshi una faida yake chini ya paa la majani: huyakausha na kuwafukuza wadudu wanaoyala. Paa la majani lisilofukizwa huchakaa mapema, kwa hiyo aliyeondoa moto wote ndani ya nyumba kwa ajili ya usafi hujikuta anabadilisha paa kabla ya wakati.

Kwa paa la mabati, au manjanja kama wengi wanavyoyaita, tatizo kubwa ni msumari. Msumari hupigwa kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde lake, kwa kuwa maji hupita bondeni. Fundi mwenye haraka hupiga bondeni kwa sababu hapo bati linagusa mbao na msumari unaingia kwa urahisi. Mvua ya kwanza humpata baba amelala. Kwa kawaida mtu huhamisha kitanda kabla ya kuhamisha msumari, na msimu ukiendelea kitanda kinafika sebuleni, viti vinahamia barazani, na baraza inajaa mbuzi. Nyumba nyingi zinazosemekana kuwa na mpangilio wa ajabu zilipangwa na matundu ya paa.

Baada ya paa hufuata ardhi inayoizunguka nyumba. Ukingo wa paa unaotokeza sentimita 60 au zaidi nje ya ukuta huokoa udongo wa ukuta kuliko rangi yoyote, na mfereji wa kupeleka maji mbali ni lazima. Kuna pia ufagio. Kiwanja hufagiliwa kila alfajiri, nyoka na siafu wapate pa kuonekana, na kila alfajiri udongo kidogo huondoka. Miaka ikipita, nyumba iliyojengwa usawa wa ardhi inaonekana imepanda. Msingi uko nje, na bibi anahitaji kigoda ili aingie. Watu humsifu mwenye nyumba kwa kuinua jengo, naye hakatai. Dawa yake ni kuzungusha ukanda wa mawe na simenti chini ya kuta na kurudisha udongo kila mwaka.

Sasa ndipo sakafu inapofika. Ya bei nafuu, na pengine ya busara kuliko zote, ni ya udongo wa kichuguu: hutwangwa, huloweshwa, hushindiliwa kwa gogo zito tabaka kwa tabaka, kisha hupakwa udongo laini. Ikipasuka, hurekebishwa kwa kiganja na maji. Mchwa ndio waliouandaa udongo huo, na ndio hao hao wanaokula miimo ya mlango. Miguu ya miimo huchomwa moto kidogo au hupakwa oili chakavu ya gari, jambo linalowachelewesha bila kuwakatisha tamaa.

Sakafu ya simenti huanza na safari. Mifuko mingi hutoka Uganda, na malori yanapokwama kwenye matope ya barabara, turubai likipasuka, mfuko hufika ukiwa jiwe kamili linalofaa kukaliwa na wazee. Mfuko uliosalimika huenda kwenye zege juu ya tabaka la mawe yaliyoshindiliwa: sehemu moja ya simenti, mbili za mchanga, nne za kokoto. Lipu ya juu ni moja kwa tatu au nne. Ikifika moja kwa nane, kama fundi anavyopenda pesa zikipungua, sakafu hutoa vumbi kila ikifagiliwa mpaka iishe. Zege huwekwa unyevu kwa siku saba, na siku hizo saba ndizo kuku wa jirani huzichagua kutembelea. Alama za miguu yao hubaki kuliko jina la aliyejenga.

Mbao ni nzuri pale tu zilipoinuliwa na hewa kupita chini yake. Kijiji kimo ndani ya Hifadhi ya Wanyama ya Okapi, iliyoundwa mwaka 1992, kwa hiyo mti si wa kukatwa kwa kupenda tu. Vigae vya kung'aa havihitaji maneno mengi: udongo mwekundu wa barabara, mvua, na viatu vya plastiki vya mgeni aliyeleta posa. Atakayeng'ang'ania kuviweka achague vyenye uso wa kukwaruza, aache mtelemko wa sentimita moja kwa kila mita kuelekea nje, na anunue vichache vya akiba, maana rangi ile haitapatikana tena.

Kinachosahauliwa ni mlango. Kila tabaka jipya huinua sakafu, na siku ya kuhamia mlango haufunguki. Seremala huukata chini. Tabaka la zamani likibomoka baadaye linabaki pengo la vidole vitatu, nalo hutumiwa na chura, kisha na nyoka anayemfuata chura. Kizingiti cha simenti hujengwa kwanza, sakafu ikamaliziwa, na seremala huitwa baada ya zile siku saba.