Mbege ya Volti 240

Mbege ya kwanza kutoka kwenye mtambo wangu ilinywewa na gari la mke wangu. Lita nane hivi, kwa makadirio ya aliyepiga deki, naye ni mimi. Ilianzia kwenye kioo cha mbele, ikateremka taratibu hadi kwenye waipa, ikajipenyeza chini ya boneti. Na kwa kuwa ulikuwa mwezi wa pili na tulikuwa Minnesota, Marekani, niliporudi na ndoo ya tatu ya maji ilikuwa imeshaganda kwenye bampa kama nta ya mshumaa.

Gereji ninayoisema si ile ya mafundi wenye ovaroli na redio. Huku gereji ni chumba cha kulaza gari, na mwenye nyumba hukimbilia humo akishindwa hoja sebuleni. Jirani yangu mmoja anapikia bia kwake humo. Alinikaribisha Jumamosi moja, nikakuta sufuria tatu zinazong'aa, mipira, pampu, na kisanduku chenye namba nyekundu kinachojiamulia lini kiwashe moto na lini kizime. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, anatafuna karanga. Hapo ndipo nilipoharibikiwa.

Mimi nimekulia Marangu, na pombe ninayoijua, mbege, haipikwi na mtu aliyekaa. Ndizi mbivu zinachemshwa mpaka zigeuke rangi, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, zinachujwa, ndipo zinakutanishwa na uji wa kimea cha ulezi. Ulezi wenyewe nao umeshalowekwa, ukaoteshwa, ukaanikwa, ukasagwa. Kila kituo cha safari hiyo kina mwanamke aliyeinama, na pembeni yake mtoto anayechochea kuni huku machozi yanamtoka kwa moshi. Mtoto huyo nilikuwa mimi. Nikamtazama jirani na karanga zake, nikaona nimedhulumiwa utoto.

Sheria haikuwa kikwazo. Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoruhusu watu kujipikia bia nyumbani bila kodi, alimradi wasiuze: galoni 100 kwa mwaka kwa mtu mzima anayeishi peke yake, galoni 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi. Galoni 200 ni kama lita 757. Nilimsomea mke wangu kwa sauti, nikidhani nampa habari njema. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe mimi ndiye galoni mia za pili."

Nilinunua sufuria za stenlesi, pampu, na koili ya kupashia maji ya wati 5,500. Koili ya namna hiyo haichomeki kwenye soketi ya kuchajia simu; inataka volti 240, na nyumbani kwetu soketi ya volti 240 ilikuwa moja tu gerejini, ile ya mashine ya kukaushia nguo, yenye breka ya ampea 30. Wati 5,500 ukizigawa kwa volti 240 unapata ampea 23. Hesabu ilikubali. Kilichogoma ni ndoa. Mke wangu ni muuguzi, anafanya zamu za usiku, na akirudi saa moja asubuhi anataka sare zake zikauke. Akikuta plagi ya mashine yake iko chini na ya kwangu iko juu, hasemi kitu. Anazichomoa na kuzichomeka kwa mpangilio anaoujua yeye, na ulezi wangu unapoa katikati ya mapishi.

Kosa la kwanza la kiufundi lilikuwa la kizalendo. Jirani aliniambia kimea kikae kwenye nyuzi 150 kwa saa moja, nami nikaandika 150. Jirani anahesabu kwa Farenhaiti. Mtambo wangu nilikuwa nimeupangia Selsiasi, kwa heshima ya Shule ya Msingi. Nyuzi 150 zake ni kama 65 zetu, joto ambalo vimeng'enya vya kimea hugeuza wanga kuwa sukari. Nyuzi 150 zetu hakuna uji unaofika, hata ukiutukana. Mtambo ulijaribu kwa uaminifu wote. Ulichemsha, ukafurika, ukaendelea kuchemsha.

La pili lilikuwa la sensa. (Si ile ya watu na makazi.) Sensa hii ni kijiti cha chuma chenye waya tatu, nyekundu, nyeusi na njano, unaitumbukiza kwenye sufuria, inaiambia kompyuta joto. Programu niliiandika mwenyewe, na ilikuwa na akili za mlinzi mpya: joto likiwa chini ya 65, washa, likifika, zima. Usiku mmoja waya wa njano ukachomoka. Nilichokuwa sikijui ni kwamba sensa ya aina ile ikipotea, kompyuta haikwambii "sijui". Inakupa namba: hasi 127.

Hasi 127, msomaji! Baridi kali kuliko zote iliyowahi kupimwa Minnesota ni kama hasi 51, huko Tower mwaka 1996. Ya dunia nzima ni hasi 89.2, kituo cha Vostok kule Antaktika, mwaka 1983. Mtambo wangu haukushtuka wala haukuuliza. Ulisoma kwamba gereji yetu imekuwa mahali pa baridi kuliko popote duniani, ukatuonea huruma, ukafungulia koili wati zote 5,500. Saa nane usiku king'ora cha moshi kikalia. Nilishuka na pajama, nikafungua mlango wa gereji, na moshi wa ulezi ulioungua ukanipiga usoni barabara. Moshi uleule. Nimevuka bahari mbili kuukimbia, halafu nimeujenga upya kwa dola zangu na mkopo kidogo.

Siku mbili nilikwangua koili kwa kijiko.

Sasa turudi kwenye gari. Pampu hizi zimetengenezwa kwa ajili ya maji ya shayiri, ambayo ni mepesi. Uji wa ulezi si mwepesi. Uji wa ulezi una msimamo. Ulipanda kwenye mpira hadi nusu, ukasimama. Pampu ikawa inanguruma tu. Mtu mwenye busara angezima. Mimi nikalegeza klipu ya mpira nione palipoziba. Palizibuka. Mpira ukaruka, ukajipinda hewani kama nyoka aliyekanyagwa mkia, ukachagua upande. Mke wangu alipotoka jioni kwenda kazini nilikuwa bado nasugua boneti. Akalizunguka gari, akanusa.

"Baba watoto, hili gari limetapika?"

Miezi kumi na minne ilipita namna hiyo. Nilikuwa naujenga mtambo ili nisikeshe, na sijawahi kukesha maishani kama nilivyokesha kuulinda. Hata kwenye simu niliweka mchoro wa joto, nikawa nautazama kanisani.

Mwezi wa sita mama mkwe akaja kutoka Marangu kutusalimia. Naye si mnywaji tu. Amepika mbege miaka arobaini, na ada za watoto wake zote, pamoja na huyu aliyenipa galoni mia za pili, zimetoka kwenye pipa. Nilijiandaa kwa hotuba ya asili na mila. Nilipanga hata majibu. Nikampeleka gerejini, nikawasha kila kitu, nikamwonyesha kisanduku, namba, mchoro. Hakuviangalia. Alivuta ndoo, akaikalisha kifudifudi, akakaa mbele ya pampu.

"Hii inakoroga yenyewe?"

"Ndiyo, Mama. Nimebadilisha, nimeweka nyingine yenye tundu kubwa."

"Usiku kucha?"

"Ukitaka, Mama."

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akaomba aonje iliyokwisha kuiva. Nikamletea kwenye bilauri. Huku sikupata gome la msesewa la kutia uchungu, kwa hiyo nilikuwa nimetumia hopsi, maua ambayo Wazungu hutilia bia. Akanywa funda moja, akalizungusha mdomoni, akaiweka bilauri sakafuni mbali kidogo na mguu wake.

"Baba, pombe yako mbaya," akasema. "Mashine nzuri sana."

Kuanzia siku hiyo gereji haikuwa yangu. Hopsi zilikwenda jalalani. Nilitumwa dukani kutafuta ndizi zilizoiva mpaka zikawa nyeusi, zile ambazo meneja anazitoa kwa bei ya aibu. Zamu za soketi ya volti 240 zilipangwa upya kati ya mama na binti yake kwa Kichagga, mimi nikisimama pembeni kama fundi wa kuitwa. Nilipoeleza habari za vimeng'enya, mama aliitikia kwa upole, kama anavyoitikia mahubiri ya mgeni. Mbege iliyotoka wiki ya pili ilimfanya jirani yangu aache karanga zake.

Siku ya kuondoka tulipima begi kwenye mizani ya bafuni. Kilo 23 ndizo zinazoruhusiwa. Begi lilikuwa na 27. Mke wangu alifungua apunguze, akakuta katikati ya kanga, pamoja na klipu zake na mita mbili za mpira, pampu.

"Mama," nikasema, "hiyo ni ya umeme wa huku, volti 115. Nyumbani ni 230. Ukiichomeka tu, imeungua."

Aliitoa mwenyewe, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Si wewe fundi?"

Tangu hapo anapiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Ya juzi haikuwa na salamu ndefu. Ulezi ameshaanika, akasema, na majirani watatu wameshaambiwa. Je, pampu imefikia wapi?