Kongole kwa Wingu la Bure

Wahenga walituambia dalili ya mvua ni mawingu. Hawakutuambia kwamba mvua yenyewe itanyesha saa tisa usiku, kwenye simu, kwa ujumbe mfupi unaosema dola 6.12 zimekatwa. Mimi ndivyo ilivyoninyeshea. Nilinuna siku mbili, kisha nikajirudi: watu wamesifiwa kwa mema madogo kuliko haya. Basi naomba nisimame, kama mshereheshaji aliyelipwa nusu, niimwagie sifa Ankara ya Huduma ya Bure.

Kwanza mjue tulivyokutana. Mama yangu ni katibu wa kikoba cha akina mama thelathini, nami nilijitapa kwamba daftari lao nitaliweka mtandaoni. Nikakuta tangazo la seva ya wingu: bure, miezi kumi na miwili. Waliomba namba ya kadi, kwa uthibitisho tu. Nikawapa ile kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na pesa za simu, tena nikashukuru.

Sifa ya kwanza ni ukarimu. Mwezi mrefu kuliko yote una saa 744. Wenyewe walinipa saa 750 kila mwezi: saa sita za ziada ambazo hata Muumba hakuziweka kwenye kalenda. Usiwashe seva mbili tu, maana hapo saa zako zinaisha tarehe 16, na ukarimu nao.

Sifa ya pili ni elimu ya jiografia. Kabla ya hapo Virginia kwangu lilikuwa jina la msichana wa kidato cha nne. Sasa najua ni mahali ambapo vitu vyangu vinaweza kuishi mwaka mzima bila mimi kuviona, kwa kuwa dashibodi hukuonyesha mkoa mmoja kwa wakati, na mimi nilikuwa natazama Ireland.

Lakini sifa inayozipita zote ni uaminifu. Akina mama waliujaribu mfumo wangu miezi michache, kisha wakarudi kwenye daftari, kwa sababu daftari haliishiwi chaji. Miezi ya bure ilipokaribia kwisha nikaizima seva. Nilibonyeza kitufe, kitaa cha kijani kikawa kijivu, nikalala. Sikujua kwamba kuzima si kufuta. Seva ililala fofofo, ila anwani yake ya intaneti, niliyoihifadhi kwa jina langu, ilibaki macho ikiisubiri. Saa ya kwanza, nusu senti ya dola. Saa ya pili, nusu senti. Mvua, jua, Idi, mgawo wa umeme: nusu senti. Ndugu zangu, nani kati yenu ana mtu wa kumsubiri namna hiyo? Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, akatoka, maisha yakaendelea. Anwani yangu ilikaa eda isiyo na mwisho, tena kwa marehemu ambaye hakufa. Na diski nayo, gigabaiti 30 za ukimya, ilikesha na mfumo ambao hakuna aliyeutaka, kama mlinzi wa kiwanja ambacho nyumba ilishabomolewa, anayekuja kila mwisho wa mwezi na orodha ya usiku aliokesha. Anwani, saa 744, dola 3.72. Diski, dola 2.40. Nimeirudia hesabu hiyo mara tatu kwa kikokotoo nikitafuta kosa. Halipo.

Unyenyekevu, uvumilivu, kuamka mapema: hizo nazo Ankara inafundisha, tusipoteze muda.

Ila hapa ndipo sherehe inaponiharibikia. Nilikuwa nimeweka tahadhari ya bajeti: dola moja. Tarehe sita ikaja barua pepe, dola moja imepita. Imepita! Haikuzuia chochote, iliniaga tu ikiwa njiani. Nikakimbilia dashibodi, ikaniambia hakuna seva inayofanya kazi. Kweli kabisa, hakukuwa na inayofanya kazi.

Nyumbani tuna mita ya LUKU. Uniti zikiisha, umeme umekatika: ugali uko nusu, mpira uko dakika ya 88, hakuna mjadala. Tumeitukana sana. Lakini haijawahi hata siku moja kuendelea kuwasha taa kimyakimya ili inidai alfajiri. Kidude kile cha plastiki ukutani kinajua kuhesabu na kinajua kukata. Hawa wenye majengo yaliyojaa kompyuta karibu kila bara wanahesabu nusu senti kila saa bila kuidondosha hata moja, halafu ukiwaomba wakate huduma ya bure ikiisha, wanasema ni jambo gumu, wateja watapoteza kazi zao. Siku hizi wapo watoa huduma wenye mpango unaojifunga wenyewe salio la bure likiisha. Kumbe inawezekana. Anayejua kuhesabu anajua kukata. Asipokata, hajashindwa, ameamua.

Niliandika malalamiko. Siku ya nne wakajibu kwa upole wa kutisha: wanaelewa usumbufu nilioupata, na kwa hisani yao, kwa mara hii moja tu, watanirudishia. Yaani wamenisamehe kosa langu la kuamini tangazo lao. Bure hii ni mwana wa ukoo uleule wa akaunti ya benki isiyo na makato yenye ada ya kila mwezi, na wa yule mtangazaji wa redio anayetamka ofa kwa madaha halafu anakimbiza "vigezo na masharti kuzingatiwa" kama anafukuzwa na nyuki.

Shida ni kwamba zile pesa za kwenye simu hazikuwa zangu. Mama alikuwa amenitumia nikamnunulie hisa za Jumamosi. Nikafika pungufu. Kikoba chao kina kisanduku chenye kufuli tatu, funguo ziko kwa wanawake watatu, na fedha huhesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Pungufu ilionekana kabla sijakaa. Faini ni shilingi elfu mbili, imeandikwa ukurasa wa kwanza wa katiba yao kwa herufi kubwa kuliko jina la kikundi. Mama, kwa kuwa ndiye katibu, akaiandika kwenye jina lake mwenyewe, akaisoma, akageuza ukurasa.

Njiani kurudi nikamweleza yote: saa 750, Virginia, anwani, eda. Alisikiliza mpaka tukafika kituoni, ndipo akauliza:

"Sasa kama ni bure, mwanangu, kadi waliitakia nini?"